Nilinyamaza Mke wa Mwanangu Akifukuzwa kwa Chira

Admini, ficha jina langu na la kijiji. Nina miaka sabini na tisa, mwalimu mkuu mstaafu, upande wa Rangwe. Ini langu limekwisha. Tumbo limejaa maji, na daktari hanipi tena tarehe ya kurudi kliniki. Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu ila mwanangu mdogo.

Miaka mingi iliyopita nilijitolea damu, nikaitwa na kuambiwa nina homa ya ini aina ya B. Daktari wa kwanza, huko Migori, alicheka. "Mwalimu, virusi vyako vimelala. Umevibeba tu. Nenda ukale samaki wako." Wa pili, mama mmoja wa Homa Bay, hakucheka. "Mlete mkeo na watoto wapimwe. Wembe wako usiguse mtu mwingine. Na wewe nikuone kila miezi sita." Nilikuwa nimesoma kuliko wote kijijini, na bado nilimchagua daktari aliyenipendeza. Sikumpeleka mtu. Sikurudi.

Mke wangu alipofariki kwa kisukari, ikafika siku ya kunyolewa, kama ilivyo desturi yetu Waluo baada ya mazishi. Mke wa mwanangu mkubwa, ambaye ni Mkuria, alikuja na pakiti ya nyembe, mmoja kwa kila kichwa. Dada yangu, aliyekuwa ananyoa, akamcheka mbele ya watu.

"Nyar Kuria, binti wa Wakuria wewe, umetufungulia duka? Boma ni moja, wembe ni mmoja."

"Mama, ni usalama tu. Hata watoto wananyolewa."

"Usalama wa nini? Kuna mgonjwa hapa?" Akanigeukia. "Mwalimu, hebu sema. Kuna mgonjwa hapa?"

Watu wote waliniangalia. Nikasema, "Tumieni mmoja."

Nilinyolewa wa kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mfiwa. Dada yangu alinikata kidogo nyuma ya sikio, akapangusa wembe kwa kitambaa, akamwita mwanangu mkubwa. Baada yake, mjukuu wangu wa miaka mitatu. Alilia, wakamshika kichwa. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka pale.

Baada ya miaka minne mwanangu alivimba tumbo, macho yakawa ya manjano, akafa. Saratani ya ini, iliyotokana na virusi vile vile. Majibu nilipokea mimi, na nyumbani nikataja saratani tu. Daktari mmoja aliniambia kwamba mtu mzima akiambukizwa mara nyingi hupona, kwa hiyo yaelekea alikuwa navyo tangu utotoni. Mwingine akasema hakuna awezaye kujua. Nimeyapima maneno yao hadi nimechoka. Kama ni wembe, niliuruhusu mimi. Kama ni utotoni, basi siku ile niliyoambiwa nimlete apimwe, alikuwa bado anakula mezani kwangu.

Lakini nyumbani walisema ni chira, laana ya kuvunja desturi. Dada yangu alimwambia mjane usoni, "Ulituletea nyembe nyingi kututenganisha. Haya, umefurahi?" Mjane alifungasha nguo za watoto akarudi kwao, karibu na mpaka wa Tanzania. Nilikuwa kwenye kiti changu. Nilichomwambia ni, "Safiri salama."

Hata hivyo, mjane huyo hunipigia simu kila Jumapili. "Baba, umekula? Dawa umemeza?" Jumapili iliyopita alisema mjukuu wangu, sasa ana miaka tisa, anachoka ovyo na hataki chakula.

"Pengine ni minyoo, Baba?"

Nilifungua mdomo. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mpe dawa ya minyoo."

Tangu hapo nikifumba macho naona kichwa kile kidogo kikishikwa.

Nikimwambia mjane peke yake, boma litaendelea kumwita mleta chira hata nikiwa kaburini. Nikiita watu wote, dada yangu, ambaye ni mzee kunishinda, atajua mkono wake ulifanya nini, na sijui kama atahimili. Mwanangu mdogo ananisihi ninyamaze: "Mzee, hata madaktari wenyewe hawakuelewana." Hayo ndiyo maneno niliyojificha nyuma yake maisha yangu yote.

Ninyi mnaosoma, nishikeni mkono. Nianze na nani, na nitamke neno gani la kwanza? Leo ni Alhamisi. Nijibuni kabla hajapiga simu, kwa maana Jumapili nyingine sina hakika nayo.