Mteja wa Ijumaa

Kinyozi alijua mkewe anakuja kabla hajamwona, kwa sababu wateja wa benchi la nje walianza kucheka utani wake. Saratani ilikuwa imefika kwenye ini, dawa zimemaliza nywele zote, lakini kila Ijumaa mama huyo alijikongoja hadi dukani na kupanga foleni kama watu wengine, akikataa katakata kupishwa. Zamu yake ikifika alifungwa kitambaa shingoni, akaagiza. "Pembeni punguza, juu niachie. Na usiniharibie kama wiki iliyopita." Mumewe aliwasha mashine, akaipitisha hewani juu ya kichwa kitupu, pande zote bila haraka, kisha akampangusa shingo kwa brashi ya poda. Hapo mama alijikunja kwa kicheko, maana shingoni alitekenyeka tangu enzi za uchumba.

Duka halikuwa na kioo cha ukutani. Mteja alipewa kioo kidogo cha mkononi ajitazame, na kinyozi alisimama nyuma yake, akiacha huzuni imjae usoni, akidhani hakuna anayemwona. Ijumaa ya mwisho mkewe alikishika kioo muda mrefu, amekiinamisha kidogo.

"Baba watoto, miezi yote hii unadhani najitazama mimi?"

Kinyozi aliinua macho, yakakutana na ya mkewe ndani ya kioo.

"Basi tabasamu kidogo, nione kazi imeisha."

Hadi leo, akishampa mteja kioo, kinyozi husimama nyuma ya kiti na kutabasamu, na wageni hudhani anajisifia kazi yake.