Kumlisha Mama Mkwe Guangzhou

Mimi Guangzhou naijua. Wengine hapa Dodoma wanaisikia kwa watu. Mimi nimeikanyaga mara nyingi kuliko nilivyoikanyaga Dar es Salaam. Marumaru unazoziona kwenye nyumba za Nkuhungu, kama si zangu basi ni za mtu aliyeniiga. Nilianza kwa kugonga kokoto kwa nyundo ya mkono kandokando ya reli kule Ihumwa, shule nikiwa nimeiacha darasa la tano, na serikali ilipohamia Dodoma ilinikuta tayari nimekalia mawe. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba aliyesafiri na familia safari ile hakuwa mshamba wa kuogopa ngazi za umeme.

Binti yangu alipomaliza kidato cha sita nilimfanyia sherehe. Nikashika kipaza sauti, nikatangaza mbele ya majirani na wanakwaya kwamba mwezi wa sita naipeleka familia yangu China kutembea na kula, na si mke na binti tu, hata mama mkwe atapanda ndege. Vigelegele vikapigwa mpaka mbwa wakabweka. Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma kabisa upande wa wanawake, kajifunika khanga hadi puani. Kunijibu asingeweza. Kwetu Wagogo, mkwe wa kiume na mama mkwe hawajibizani mbele za watu. Hawashikani mikono, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawachoti chombo kimoja, na zaidi ya yote hawaonani wakitafuna. Shikamoo yangu naitoa kwa mbali, macho chini, naye marahaba yake anaijibia ukuta. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwona yule mama akila hata karanga.

Kesho yake mke wangu aliniuliza, "Mzee, huko mama atakula wapi?"

"Guangzhou? Sehemu za kula ni nyingi kama mchanga."

"Sijauliza sehemu. Nimeuliza wewe utakuwa wapi."

Nikacheka. Nilidhani adabu ya ukwe ni kama mtandao wa simu, ukishavuka mpaka unakatika wenyewe. Lakini mke wangu hakucheka, maana mama yake ana sukari. Anameza vidonge, na daktari alimwambia bila kumung'unya maneno: ukimeza, ule, usipokula, sukari itashuka na utaanguka. Kwa hiyo safari nzima swali lilikuwa moja tu, mama huyu atakula vipi.

Mpango ninao, nilimwambia. Kule watu wanakula nje, meza zinapangwa mpaka barabarani. Nyinyi mtakaa huku, mimi nitakaa kule nimewapa mgongo. Mpango ulikuwa mzuri, na mpaka leo nausifu. Tatizo ni kwamba mimi huwa nakwenda kununua mzigo wa marumaru mwezi wa kumi, anga likiwa safi. Habari za mwezi wa sita hakuna aliyenipa.

Sisi wa Dodoma mvua tunaijua kama mgeni wa heshima. Inakuja, tunaishangilia, inaondoka kabla hatujaizoea. Ile ya Guangzhou ilikuwa mwenyeji. Ilinyesha tulipotoka uwanja wa ndege, ikanyesha tulipolala, na asubuhi tukafungua pazia ikawa bado inanyesha kama vile haijatuona. Meza za nje zote zilikuwa zimekunjwa na kulundikwa ukutani. Watu wamebanana ndani ya vyumba vidogo, goti kwa goti.

Hotelini sikukosea: wao chumba cha ghorofa moja, mimi ghorofa nyingine. Lakini chumba cha kulia chai kilikuwa kimoja. Mama mkwe aliingia, akaniona na yai mdomoni, akageuka pale pale kama aliyesahau kitu. Binti akajaza sahani ampelekee chumbani. Mhudumu akamfuata hadi kwenye lifti, akaichukua ile sahani kwa tabasamu zuri sana, akairudisha. Kumbe kutoka na chakula hairuhusiwi. Nikaenda kumweleza yule mhudumu habari ya ukwe kwa ishara. Nikajifunika uso, nikaonesha kutafuna, nikakataa kwa kidole. Akaniletea dawa ya meno.

Basi mama mkwe akawa anakula karanga alizokaanga nyumbani, alizozibeba kwenye mfuko ndani ya pochi, anakula chumbani amefunga mlango. Na sisi tukawa tunatembea.

Niliwapeleka kwenye mnara mrefu, ule unaoonekana kwenye kalenda. Nikakata tiketi za juu kabisa, maana mimi nusunusu sifanyi. Wao wakapanda lifti ya kwanza, mimi ya nyuma yake. Kule juu palikuwa peupe kama umeingizwa ndani ya gunia la unga.

"Baba, mji uko wapi?" binti akaniuliza.

"Uko hapo chini."

"Chini wapi?"

"Hapo. Wewe amini tu."

Mama mkwe alikuwa upande wa pili, anatazama weupe. Akamwambia mke wangu kwa Kigogo, kwa sauti ya kutosha kunifikia, "Hebu muulize baba wa mtoto, hapa tumelipia kuona nini?" Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikajifanya sijasikia, ndivyo mkwe anavyotakiwa.

Tulipotoka, upepo ukaukunja mwavuli wa mama mkwe nje ndani, vyuma vikavunjika. Akabaki amesimama kwenye mvua, khanga imemgandia kichwani. Mimi nilikuwa na mwavuli mkubwa, wa kutosha familia ya watu wanane. Lakini nimpeje? Mkononi haiwezekani. Nikauweka chini umefunguka, nikarudi nyuma hatua kadhaa ili aje auchukue kwa heshima. Upepo ukauchukua kabla yake. Nikaukimbiza katikati ya magari, mwanaume mzima mwenye maduka mawili, Wachina wanapiga honi, na nilipoupata nikakuta umeshakuwa kama wa kwake.

Siku iliyofuata binti alinivuta pembeni. "Baba, karanga za Bibi zimeisha. Leo amemeza dawa kwa chai tupu."

Nilikaa nikafikiri. Mimi katika biashara nina kanuni: kitu kikikataa, ongeza ubora. Nikaona kosa ni kuwapeleka sehemu za kawaida zilizojaa watu. Nikatafuta mgahawa mkubwa, nikaonesha kwenye simu kwamba nataka chumba maalumu, chenye mlango, tuwe wenyewe. Nikamwambia mke wangu amwambie mama yake ameze dawa ya mchana kwa raha zake, leo kuna kula. Nitakaa upande wa mbali, nitaangalia mlango.

Tukafunguliwa chumba. Katikati palikuwa na meza ya duara, na juu ya meza kioo cha duara kinachozunguka. Chakula chote kinawekwa juu ya kioo, kila mtu anakisukuma kidogo na kuchota kinapomfikia. Nilishakula kwenye meza kama ile na wauza marumaru, tena nikaisifu. Sikuwahi kuitazama kwa macho ya mtu mwenye mama mkwe. Meza ile haina upande wa mbali. Popote utakapokaa, kinachotoka mbele yako kinakwenda mbele yake.

"Umetuletea meza gani hii?" mke wangu akanong'ona.

"Ya heshima."

Vikaja bata, wali, majani kama mchicha yenye vitunguu swaumu, na samaki mzima na kichwa chake. Mimi njaa ilikuwa imeshanishika. Nikageukia mlango kama nilivyoahidi, nikachota ubavu wa samaki kwa pembeni. Mhudumu, dada mmoja mchangamfu, akaona wageni wamezubaa, akakisukuma kioo kutusaidia. Samaki akaondoka mbele yangu taratibu, ubavu umetoboka nilipochota, akaenda kusimama mbele ya mama mkwe.

Mama mkwe akavuta khanga juu.

"Mama, kula kidogo," mke wangu akasema.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, Bibi? Hujala tangu jana."

"Nimeshiba kwa macho."

Mhudumu akazungusha tena. Bata akapita, nikamkwepa, akaenda kwake. Wali ukapita. Kila kitu kilikuwa kinatoka kwangu kwenda kwake, na mimi, ukiacha yule samaki, sikuwa hata nimekigusa. Nikasukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. Haikusaidia. Chumba maalumu kilikuwa kidogo, na mlango nilikuwa nimeufungisha mwenyewe.

Kisha binti akasema, "Bibi anatetemeka."

Nikageuka bila kufikiri. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, na ile baridi ya kiyoyozi. Macho yalikuwa hayatulii mahali. Nikasimama kwenda kwake, nimshike, nifanye sijui nini. Na yeye, mkono ukitetemeka hivyo, akaunyanyua na kuishikilia khanga kinywani ili nisimwone. Katika hali ile! Nikasimama katikati ya chumba kama kabati.

"Mzee, toka," mke wangu akasema.

"Niende wapi na mvua hii?"

"Toka! Hawezi kufungua kinywa ukiwa hapa. Unataka mama yangu afe kwa adabu?"

Kule noti hawazitaki, wanalipa kwa simu. Nikaitupa simu yangu mezani kwa binti, nikamtajia namba ya siri, nikatoka. Koti likabaki kwenye kiti.

Mgahawa ule ukuta wake wa barabarani ni kioo, na mlango wa chumba chetu sasa ulikuwa wazi, wahudumu wanakimbilia ndani. Nikaona nikisimama hapo ataniona. Nikasogea. Nikakata kona moja, nikaona bado karibu, nikakata nyingine. Mvua ilikuwa inanipiga shingoni. Nilipotaka kurudi kuchungulia kwa mbali, mgahawa haukuwepo. Palikuwa na vioo vingine, taa nyekundu nyingine, maandishi yale yale ambayo kwangu yote ni mistari. Nilikwenda huku, nikarudi, nikaenda kule. Mimi, ninayeijua Guangzhou! Kumbe ninachokijua ni soko la marumaru na njia ya kuendea.

Nikajibanza chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Palikuwa na mzee mmoja wa kule anajikinga, ana mfuko wa mboga. Kichina changu chote ni cha dukani. Nikamwambia nilichonacho: bei gani, ghali sana, punguza. Akanitazama ninavyochuruzika, akasogea akanipa nafasi.

Hapo ndipo nilipokaa. Ningekuwa Dodoma, ningepiga simu tatu, gari lingekuja, daktari angekuja, mganga mkuu mwenyewe ni mteja wangu. Pale sikuwa na simu, sikuwa na neno, sikuwa na njia. Sikujua kama kule ndani mama mkwe anatafuna au analazwa sakafuni. Na hata ningejua mlango uko wapi, nisingeruhusiwa kuufungua, maana dawa yake ilikuwa ni mimi kutokuwepo. Nilijaribu kusali nikashindwa kumalizia. Mzee wa mboga akanipa tishu.

Sijui ulipita muda gani. Nikasikia, "Baba! Baba!" Binti anakuja amejifunika koti langu.

"Bibi?"

"Anakula."

"Kweli?"

"Walimpa maji ya sukari kwanza, akatulia, sasa anakula. Yuko bakuli la tatu."

Nikachuchumaa. "Basi twende."

Binti akaangalia pembeni. "Amesema usiwe na haraka."

Akanipa mfuko wa nailoni wenye vipande vya bata na wali uliopoa. Nikala nimechuchumaa kwenye kibaraza, kwa mikono, nikamkaribisha na mzee wa mboga, akakataa kwa adabu.

Siku zilizobaki tuliishi hivyo. Simu ilikaa kwa binti. Mimi nawafikisha mlangoni, nageuka, natafuta kibaraza. Waliingia kwenye mashua ya mtoni, mimi nikabaki gatini. Waliingia kwenye nyumba za kale, na kwenye bustani ya maua, na kwenye ile migahawa ya asubuhi inayoleta vikapu vidogo vidogo vya mvuke. Nasikia mama mkwe alipenda sana miguu ya kuku, akawa anaiagiza kwa kuonesha vidole. Nasikia alicheka. Mimi nazijua kingo za mapaa ya mji ule, na zipi zinavuja.

Tulirudi salama, sukari yake ikiwa shwari kuliko tulivyoondoka. Jumapili moja nikawapeleka mke na binti nyumbani kwake. Wanawake wa jirani walijaa uani, binti anawaonesha picha kwenye simu, wao wanashika midomo. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na geti, mbali, inavyotakiwa. Picha zilikuwa nyingi. Bibi na mashua, Bibi na bata, Bibi na mke wangu. Nikamsikia mama mkwe akisema, ameelekea ukuta, "Mimi nina mkwe mwenye heshima. Safari nzima sijamwona."

Wanawake wakaitikia kwa kusifu, kwa dhati kabisa. Bibi mmoja jirani, mtu mzima sana, akanigeukia kwa huruma.

"Pole, baba. Kumbe kazi zilikubana, hukuweza kwenda nao?"

Nikafungua kinywa. Nilikuwa nayo yote kooni, tiketi nilizokata, mnara, mwavuli, ile mvua. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, kati yangu na wao, na ili niseme ningelazimika kupaza sauti juu ya kichwa chake na kumkanusha mbele ya wageni wake. Mke wangu akanitazama. Binti naye akanitazama, kidole kimesimama juu ya simu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Kazi."

Yule bibi akatikisa kichwa, akanionea huruma zaidi, akageukia picha nyingine.