Dawa Niliyopiga kwa Sukuma za Mama

Nianze na ujinga wenyewe, tuumalize. Jumamosi moja ya mwezi wa saba, nikiwa kidato cha pili, nilimwaga ndoo nzima ya maji ya pilipili ya mama kwenye mtaro nyuma ya choo. Nikachukua dawa ya wadudu ya dukani, iliyokuwa ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, nikaichanganya na maji kwa makadirio ya macho, nikainyunyizia sukuma wiki yote tuliyokuwa nayo pale nyumbani Matisi, mtaa wa Kitale. Makadirio ya macho yangu si mazuri. Hata mwalimu wa kemia anajua.

Kazi ilichukua dakika ishirini. Nikaenda kucheza mpira. Tulishinda tatu bila, na hakuna bao langu hata moja.

Sasa, ndoo ya pilipili ilitoka wapi? Lazima nirudi nyuma kidogo.

Baba alikuwa mpiga dawa kwenye shamba moja kubwa nje ya mji wa Kitale. Unabeba bomba mgongoni, unatembea kati ya mistari ya mahindi tangu asubuhi mpaka saa nane. Siku za kupiga dawa kila mtu alipewa pakiti ya maziwa, kwa sababu watu wa mashamba wanaamini maziwa yanasafisha sumu kifuani. Baba hakuwa anakunywa yake. Alikuja nayo nyumbani kwa mfuko wa koti, mama akaiweka kwa chai. Chai ya siku hizo ilikuwa nzito, mpaka inaweka ngozi juu. Asubuhi nilikuwa namuuliza, "Baba, leo mnapiga?" Akisema ndiyo, nafurahi.

Aliumwa na kifua karibu mwaka mzima, akafa nikiwa darasa la nane. Daktari alisema ni mapafu. Hakusema ni dawa, hakusema si dawa. Mama hakungoja aseme.

Kwenye matanga nililia vizuri kwa sababu watu walikuwa wanaangalia. Baada ya hapo sikulia tena. Watu wa kanisa waliniuliza, "Kijana, uko sawa?" Nikasema niko sawa, na shida ni kwamba ilikuwa kweli. Mguu ukifa ganzi unaweza kuupiga ngumi, unajua ni wako, lakini habari haifiki. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, ila mdomo. Mdomo uliendelea kufanya kazi.

Wiki moja baada ya wageni kuondoka, mama alizunguka nyumba na gunia. Akatupa dawa ya mbu, dawa ya mende, dawa ya panya, fatalaiza iliyobaki, kisha sabuni ya unga, na mwisho dawa ya meno.

"Mama, dawa ya meno haijaua mtu," nikamwambia.

"Inaitwa dawa ama haiitwi?"

Akafunga gunia.

Baadaye wanawake wa kanisa walienda Mabanga, karibu na Bungoma, kufundishwa kilimo kwa siku tatu. Mama alirudi na daftari limejaa mpaka jalada la nyuma, na kuanzia siku hiyo tuliishi kwa daftari. Meno tulisugua kwa kijiti na chumvi. Sufuria tulisugua kwa jivu. Karatasi za nailoni zilipigwa marufuku, ukitumwa dukani unabeba kiondo, mtoto wa kiume mzima na kiondo begani. Ugali ukawa wa wimbi. Mbu tuliwafukuza kwa moshi wa mavi ya ng'ombe yaliyokauka, kwa hivyo darasani nilinuka kama zizi na dawati nilibaki nalo peke yangu. Sikulalamika. Lilikuwa na nafasi. Vijana wa mtaa walinisalimia, "Niaje, Jivu," nami nikawajibu kama hilo ndilo jina nililobatizwa.

Kazi yangu katika maisha haya mapya ilikuwa pilipili. Sukuma zetu zilikuwa zimeshikwa na vidukari, wale wadudu wa kijivu wanaojazana chini ya jani kama unga uliomwagika. Daftari lilisema: twanga pilipili kali, kitunguu saumu, jivu na kipande cha sabuni ya kufulia, loweka usiku mmoja, nyunyiza. Rudia kila siku ya tatu, kwa wiki tatu. Hayo maneno ya kurudia mama aliyapigia mstari mara mbili. Mtwangaji ni mimi. Mnyunyizaji ni mimi. Ukishatwanga pilipili, siku hiyo usijiguse popote, na sitaeleza nilijuaje.

Jumamosi ile ndiyo ilikuwa zamu ya kwanza kunyunyiza, na mpira ulikuwa saa nne. Rafiki yangu wa ng'ambo ya ua alikuwa na dawa kidogo iliyobaki kwa shamba la babake. "Hii unapiga mara moja tu, bana," akaniambia, "unasahau." Nilisikia hilo neno la kusahau, nikanyoosha mkono.

Kitu ambacho sikufikiria ni kwamba mama angechuma sukuma jioni ile ile. Alichuma. Nilisema tumbo linaniuma, nikakaa nikiangalia wengine wakila. Dada yangu mdogo, mtoto wa miaka sita, aliongezwa mara mbili. Nilimwangalia mpaka akaenda kulala. Asubuhi aliamka, akaiba kijiti changu cha meno, nikajua ni mzima. Nilitafuta ndani yangu mahali pa kuogopa, sikupapata. Siku iliyofuata nikala na mimi.

Jumatatu nilitoka shule nikamkuta mama ameketi chini kwenye udongo, kati ya mistari ya sukuma, na sketi yake ya kwenda mikutanoni. Alikuwa anageuza jani moja moja. Vidukari walikuwa wamekauka wote, unapuliza tu wanaanguka.

"Kumbe inawezekana," akasema.

Hakuwa ananiambia mimi. Akageuza jani lingine.

"Kumbe ingewezekana tangu zamani, na watu wanabebeshwa bomba."

Pale ndipo ningesema. Nilimuuliza kama kuna chai.

Ile sukuma ilimbadilisha mama. Alianza kula tena chakula chake chote. Alianza kuongea kwenye mikutano ya kanisa, yeye ambaye tangu matanga alikuwa anakaa karibu na mlango. Wanawake walikuja kuangalia majani, akawageuzia, akawasomea daftari. Ile mistari miwili chini ya maneno ya kurudia akawa anairuka. "Mara moja tu ilitosha," aliwaambia. "Huyu kijana wangu ndiye alinyunyiza." Wakaniangalia. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Unyenyekevu ninaujua vizuri, nimeufanyia mazoezi mbele ya walimu wengi.

Kisha akaenda kwa simu ya jamii, akampigia dada yake mkubwa kule Bungoma. Mama mkubwa alikuwa na robo ekari ya sukuma, na hiyo ndiyo aliuza sokoni kulisha nyumba yake. Yeye alikuwa mtu wa dawa za duka miaka yote. Nilisimama kando ya kibanda cha simu nikisikia upande mmoja.

"Mara moja, dada. Siku mbili wamekufa. Sasa kama si dawa, utaogopa nini? Tupa hiyo kitu. Ukiipenda maisha yako, tupa. Nitakutumia kijana shule ikifunga."

Kwa hivyo mwezi wa nane nilitumwa Bungoma kama mtaalamu, na kilo mbili za pilipili ndani ya kiondo.

Mama mkubwa alinipokea kwa mikono yote miwili. Ni mnene, anaongea kwa sauti ya mtu wa sokoni hata akiomba chakula kibarikiwe.

"Baba, karibu. Ile dawa yangu nimeimwaga chooni, chupa na kila kitu. Mama yako amenisumbua mpaka nimekubali. Haya, onyesha."

Nikaangalia shamba lake. Vidukari walikuwa wengi kuliko wetu mara kumi. Majani yamejikunja kama ngumi.

Nilifanya kila kitu kama daftari linavyosema. Nilitwanga mpaka kifua kikawaka, nikaloweka, nikapima jivu kwa kikombe. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu niliifanya ile kazi kwa ukweli, na bahati mbaya hakukuwa na mtu aliyeiona ile ya nyumbani alinganishe. Wakati tunanyunyiza, jirani mmoja, mwendesha boda boda ya baiskeli, alisimama kwenye ua na mguu mmoja chini.

"Mama, mnaua wadudu ama mnapika mchuzi?"

"Pita na baiskeli yako," mama mkubwa akamjibu.

"Si mngeongeza nyanya basi."

Siku ya pili vidukari walikuwa hai. Siku ya tatu pia. Tukarudia. Ukiangalia sana ungeona wamepungua kidogo hapa na pale, lakini mama mkubwa hakuwa ameahidiwa kidogo hapa na pale. Aliahidiwa siku mbili, na wateja wake sokoni hawanunui jani lenye vumbi linalotembea. Yule jirani alikuwa anapita kila asubuhi.

"Naona wadudu wako wamelala vizuri, mama. Wamekunywa mchuzi wakashiba."

Siku ya nane mama mkubwa alimaliza kuchuma mstari mmoja, akageuza majani, akayatupa yote chini. Akaniita nisimame naye.

"Sasa baba, niambie. Pilipili tulipima sawa?"

"Sawa."

"Na jivu?"

"Sawa."

"Basi ni udongo wangu. Ama ni mkono wangu. Kwa sababu mama yako hawezi kunidanganya. Tukiwa wadogo alikuwa akiiba sukari, anaenda kujisema mwenyewe kabla mtu hajauliza, tunapigwa wote. Hajui uongo, huyo. Ni mimi nimekosea mahali."

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, kitu kuhusu sukari. Haukutoka.

Tuling'oa nusu ya shamba siku hiyo, tukawapa mbuzi. Kuna kazi zingine mtu anafanya mpaka mikono inanuka kijani siku mbili, na kichwani hakuna chochote, unahesabu tu mistari. Nilihesabu mistari kumi na saba. Yeye alikuwa anang'oa upande wake akiimba wimbo wa kanisa, chini chini, akikosea maneno.

Nikirudi Kitale alinipa ujumbe. "Mwambie mama yako aje mwenyewe. Nimeongea na wanawake wa huku, wote wanataka kumwona akichanganya. Aje anionyeshe nilikosea wapi. Nusu iliyobaki nitamngoja, sinunui dawa."

Nilimpa mama ujumbe kama nilivyopewa, nikaondoa tu ile sehemu ya kukosea, na ya nusu iliyoenda kwa mbuzi. Alifurahi sana. Angeenda Jumamosi. Alinakili maelezo ya daftari kwenye karatasi ishirini, kwa mkono wake, moja ya kila mwanamke. Zote hazina ile mistari ya kurudia. Alimuahidi dada yangu kumpeleka akaone gari la moshi.

Ijumaa alasiri alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharagwe kwenye ungo. Karatasi ishirini zilikuwa mezani, zimewekewa jiwe juu. Nilizihesabu, kama ile mistari ya sukuma. Nikafikiria mama amesimama mbele ya wale wanawake, na yule wa baiskeli ameegemea ua. Hata hapo sikusikia kitu kifuani. Nilijua tu, kama unavyojua jibu la swali la hesabu usilolipenda.

"Mama, usiende Bungoma."

"Kwa nini?"

"Pilipili yako haiui wadudu haraka hivyo. Inawakohoza tu."

"Si iliwaua hapa."

"Hapa niliwaua mimi."

Akaendelea kuchambua. Nikamwambia yote: mtaro, chupa ya kikohozi, mpira wa saa nne. Nikamwambia walikula siku hiyo hiyo, na dada yangu aliongezwa mara mbili. Nikamwambia mama mkubwa ameng'oa nusu ya shamba na anaulaumu mkono wake. Niliongea kama ninasoma orodha ya dukani. Rafiki yangu sikumtaja, na mama hakuuliza dawa ilitoka wapi.

Vidole vyake vilisimama ndani ya maharagwe. Nilingoja kofi. Nilikuwa hata nimetayarisha shavu la kushoto, kwa sababu yeye hutumia mkono wa kulia. Alinitazama, kwanza uso, halafu mikono, halafu kifua, akakaa hapo kifuani muda mrefu mpaka nikaangalia shati langu nione kuna nini.

"Siku hiyo," akasema, "upepo ulikuwa unakuja usoni kwako ama mgongoni?"

Nikamwambia sikumbuki.

"Kaa hapo ukumbuke."