Nilivyofundisha tenses kwa filamu, nikampotezea Papa Ramazani mbuzi wake

Wakuu, salamu kutoka Kasongo, Maniema. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara mbili, kwa sababu ndani yake mjinga ni mimi. Nitausimulia ulivyo, sitajipamba.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari. Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho walikuwa wanakariri go, went, gone kama kaswida, lakini ukiwauliza walifanya nini jana, wanakuangalia tu. Na Exetat, mtihani wetu wa taifa wa kumaliza sekondari, ulikuwa unakaribia.

Nikapata wazo la kutumia vipande vya filamu.

Unasimamisha picha, unauliza: What is he doing? Unarudisha nyuma: What did he do? Kabla hujaendelea: What will he do? Nyakati tatu kwenye tukio moja.

Shida ilikuwa umeme. Mwenye sola na skrini kubwa mtaani kwetu ni Papa Ramazani. Ana sali, yaani ukumbi wa kuonyeshea filamu, na kila Jumapili mchana anapunguza sauti, anashika mikro, anawatafsiria watu kwa Kiswahili. Kuna wanaotoka hata Nyangwe kwa baiskeli, na wanakuja kumsikiliza yeye zaidi ya filamu.

Alinipa sali Jumanne na Alhamisi bila malipo. Sharti lake moja: binti yake Feza apite Kiingereza. Mwaka uliotangulia alifeli, na bila diploma ya Exetat shule ya uuguzi haimpokei.

Basi tukaanza, na mambo yakaenda vizuri.

Niseme kidogo kuhusu wakati ujao. Nusu ya darasa waliweka inshallah mwisho wa kila sentensi, nusu nyingine if God wants. He will cross the river, inshallah. Mwanzoni nilikata alama. Baadaye nikaacha, maana hata mimi sijui kesho nitakuwa wapi.

Feza aliwapita wote. Alisikia hata maneno ambayo mimi mwenyewe nilirudisha filamu mara mbili ndipo nikayashika.

Sasa, kuna filamu moja inayopendwa sana hapa. Mwanamume mwenye kofia anavuka nchi kame, nyumba hadi nyumba, anawaonyesha watu picha ya mtu. Kwa tafsiri ya Papa Ramazani, mbuzi wake wameibwa, na aliye kwenye picha ndiye mwizi. Kasongo nzima inajua hivyo.

Alhamisi moja nikaweka kipande anachouliza mlangoni. Nikamuuliza Feza: What is he looking for?

Akajibu: He is looking for his goats.

Nikarudisha. Yule mwanamume anasema wazi kabisa: Have you seen my brother? Nikamuuliza tena Feza. Goats. Nikarudisha tena, nikauliza mara ya tatu. Macho chini, sauti ndogo: goats.

Nikakasirika. Nikasema kwa Kiswahili, mbele ya wote: "Feza, ndani ya filamu hii hakuna mbuzi hata mmoja. Anatafuta ndugu yake."

Darasa likacheka. Kabla sijafika nyumbani, habari ilishafika sokoni.

Jumapili Papa Ramazani akashika mikro kama kawaida. Kabla hajamaliza sentensi ya pili, mtu wa nyuma akalia: mee. Sali nzima ikaangua kicheko. Mzee akazima mikro, akazima na skrini.

Jumanne nilikuta kufuli. Feza naye hakuja shuleni wiki nzima.

Nikaenda kwao. Mzee alinipokea vizuri, akanipa kiti, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nikamwomba msamaha.

"Prof, wewe hukusema uongo," akasema. "Mimi Kingereza nilijifunza wapi? Naangalia mikono na macho ya mutu. Hakuna siku mutu aliniuliza kama najua."

Nikamuuliza mbuzi walitoka wapi.

"Zilikuwa zangu. Kule Wamaza nilikuwa na mbuzi kumi na moja. Shemeji alizibeba zote, akapotea. Siku nilileta ile filme, nikaona mutu iko natembea na sura ya vile. Nikasema, huyu iko natafuta mbuzi."

Feza alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Nikamuuliza kwa nini aliacha kuja.

"Prof, nilisikia vizuri tangu mara ya kwanza," akasema. "Iko natafuta ndugu yake. Lakini ningesema vile mbele ya watu, baba angebaki na nini?"

Wakuu, nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia. Mwanafunzi wangu bora alikuwa anafeli kwa makusudi, na mimi nilikuwa namrudishia kipande.

Nikamwomba mzee afungue sali Jumanne, na yeye mwenyewe asimame mbele ya darasa. Akacheka: "Mimi nifundishe Kingereza?"

Nikamwambia Kiingereza kitabaki kwangu, yeye atufundishe kuangalia.

Alikuja na Feza, amevaa kanzu ya Ijumaa. Nikaondoa sauti kabisa. Mzee akasimama mbele ya skrini.

"Muangalie kwanza mikono, mudomo baadaye. Huyu iko nakunja kofia. Alipata habari mbaya. Sasa iko naficha. Kisha ataondoka."

Bila kujua, alikuwa amezipitia nyakati zangu zote tatu. Mikono ikapanda: He got bad news. He is hiding it. He will leave, inshallah. Siku ile waliongea kuliko mwaka mzima.

Feza alipita. Sasa yuko shule ya uuguzi.

Nilichojifunza ni kidogo tu: mwanafunzi anayejua akikosea mara tatu, acha kusahihisha, muulize nje ya darasa.

Jumapili iliyofuata lile somo, mzee alionyesha tena filamu ile, Feza kando yake akimnong'oneza. Akatafsiri ukweli mtupu: mtu anatafuta ndugu yake. Watu walitulia, lakini sali ilikuwa baridi.

Katikati, mama mmoja muuza maandazi akasimama. "Papa Ramazani, na mbuzi je?"

Wengine wakadakia: na mbuzi je? Mzee akamtazama binti yake.

Feza akachukua mikro. "Ni huyu ndugu yake ndiye alizibeba."

Watu wakapiga makofi, na nikamwona mzee anafuta macho kwa mkono wa kanzu.

Walimu wenzangu, ninyi mngefanyaje? Nawasoma hapa chini. Na wa Kasongo mliokuwepo siku ile, semeni mlichokiona, ila msiongeze chumvi. Yule aliyelia mee namjua, na yuko humu.