Wepukhulu na Lawama Arobaini na Moja

Saa mbili asubuhi, Absalom Wepukhulu anabandika barua ya ishirini na nane kwenye daftari. Anaisoma mara mbili, anapigia mstari sentensi moja, kisha anaandika chini yake: "Umesema kweli. Nimebadilisha."

Ofisi yake iko karibu na gati la Kisumu. Ina redio ya simu ya upepo, ambayo huzungumza na vituo kumi na kimoja vya boti kando ya ziwa, na mashine ya chapa ya Bi Jentrix, karani wake.

Mwaka mzima Wepukhulu, mwenye umri wa miaka 41, ameandika rasimu ya kanuni za kupeana ujumbe kati ya vituo hivyo. Aliwapelekea watumaji simu wote, wanaoendesha redio za vituo, waikosoe. Yamerudi maoni arobaini na moja. Wenye boti watakutana Jumatatu, na kanuni yenye swali lisilojibiwa itaondolewa.

"Watu wanakutukana, Bwana Wepukhulu, na wewe unawaandikia asante," anasema Jentrix.

"Aliyenitukana amesoma, mama. Yule aliyeandika 'nzuri' tu ndiye ananitia wasiwasi."

Kanuni anayoipigania ni ya nne: boti isifunguliwe kamba kabla ujumbe haujarudiwa na kuthibitishwa. Ilitokana na mkasa wa Aprili 1967. Kijana wa kituo kimoja alisikia nusu ya onyo la dhoruba, akaona haya kumwambia mzee wa upande wa pili arudie. Boti ikaondoka, ikapinduka. Mabaharia wawili waliokolewa wakiwa wameshikilia mapipa.

"Hakuwa mzembe," anasema Wepukhulu. "Alikuwa na adabu. Hatukuwa na kanuni inayojua adabu."

Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne huko Kimilili. Redio alijifunza kwa kufungua zilizokufa.

Lawama kali zaidi imetoka kwa Mzee Ouma wa Kendu Bay, mtumaji simu kwa miaka kumi na tisa: "Kijana aniamuru nirudie, nimekuwa kasuku?" Wepukhulu hamjibu kwa barua. Anamwita redioni.

"Hurudii wewe, Mzee. Anayepokea ndiye anarudia. Wewe unasikiliza, unasema ndiyo."

Redio inakoroma kidogo.

"Kama mtoto ninayemtuma dukani, aseme nilichomtuma kabla hajatoka?"

"Kama huyo."

"Hapo sawa. Lakini andika hivyo. Ulivyoandika mwanzo, mtoto ni mimi."

Wepukhulu anafuta maneno "aombwe kurudia" na kuandika "mpokeaji arudie". Jentrix anachapa ukurasa upya, mara ya sita.

Kufikia saa kumi jioni limebaki oni moja, la Milka Apiyo wa Asembo. Ameuliza: mpokeaji amerudia, mtumaji amesema ndiyo, lakini ile ndiyo imepotea hewani. Botini kuna mama mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa hospitali. Wangoje mpaka lini?

Wepukhulu ameandika majibu matatu na kuyakata yote.

"Huyu ameniweza," anasema, bila kinyongo. "Nikimwambia aondoke, nimeua kanuni. Nikimwambia angoje, labda nimeua mtu."

"Si umwandikie tu kitu, tumalize?" anauliza Jentrix.

"Akikipokea atajua ni kitu tu."

Leo ni Alhamisi. Tumaini lake ni kuona vituo vyote vikifuata kanuni moja kabla ya mvua za masika. Anachukua karatasi mpya, anaandika juu yake "41. Bi Milka", na kuiacha tupu mezani. Kesho saa moja asubuhi, kituo cha Asembo kikifunguliwa, atamwita redioni amuulize yeye angengoja muda gani.