Betri ya Pili Uani kwa Baba Mkwe

Gari letu lilizimika pembeni mwa soko la Ganze wakati wa alasiri, mke wangu akiwa anafuta vikombe vya mwisho. Niligeuza ufunguo, nikasikia mlio mdogo mkavu, kisha kimya. Nikageuza tena. Hata ule mlio haukuja.

"Ni nini tena?" mke wangu akaniuliza.

"Betri. Friji imeinyonya yote."

Tulikuwa bado wageni katika ndoa, na biashara yetu ilikuwa barafu. Mke wangu ni mzaliwa wa Malindi mjini. Alikuwa akigandisha ukwaju, mabuyu na maembe ndani ya vikombe vidogo, na ukila moja hutosheki. Mimi ni mtu wa Ganze, nalijua jua la kwetu na vumbi lake, najua mtu anavyotoka kuchota maji mbali na ulimi umemganda kinywani. Tukakubaliana kwamba barafu za Malindi, ambako kila nyumba ya tatu ina friji, tuzipeleke kule ambako hazipo. Tukapata gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne, maana njia za kwetu mvua ikinyesha ni tope, na isiponyesha ni mchanga. Nyuma yake tukaweka friji ndogo inayotumia umeme wa betri.

Gari likitembea, hakukuwa na shida, kwa sababu injini huijaza betri chaji. Tatizo lilikuwa pale tunaposimama kuuza. Injini imezimwa, friji inaendelea kunywa, na betri yenyewe ni moja, hiyo hiyo ya kuamsha injini na hiyo hiyo ya kulisha friji.

Siku ile tulisukumwa na akina mama waliokuwa wakirudi kutoka kisimani. Walitua madumu yao kando ya njia, wakafunga leso vizuri viunoni, wakasukuma huku wakinicheka kwa Kigiriama kwamba nimeoa mjini nikarudi na gari lisilojua kutembea. Injini iliposhika, mke wangu alishuka mbio kuwagawia barafu zote zilizobaki. Nakumbuka mmoja wao aliibandika yake shavuni kwanza, akafumba macho, ndipo akaanza kula.

Njiani mke wangu akasema, "Kwa hiyo tunahitaji betri mbili."

"Ndiyo. Moja ya injini, moja ya friji. Na swichi katikati, ili zijazwe pamoja gari likitembea, zitengane likizimwa."

"Unaweza kuifunga mwenyewe?"

Nilisema naweza. Nilikuwa nimeendesha magari ya watalii Watamu kwa muda, na dereva wa porini hujifunza kushika spana apende asipende. Mengine niliyatazama kwenye simu, nikirudia rudia hadi mke wangu akaizoea sauti ya yule mtu wa video kuliko yangu.

Lakini chumba tulichokuwa tumepanga hakikuwa na uwanja wala kivuli. Mke wangu akasema, kana kwamba ni jambo dogo, "Tutalipeleka uani kwa Baba."

Hapo ndipo nilipokuwa sitaki.

Baba mkwe wangu alikuwa fundi cherehani wa kanzu, mtu mwembamba, nadhifu, mwenye maneno machache na yaliyonyooka. Sikuwahi kukaa naye hata muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa. Nikifika kwake husema "Shikamoo, Baba," naye hujibu "Marahaba," kisha mimi hutafuta pa kusimama mbali naye. Sikuwa namchukia. Nilikuwa namheshimu kwa namna niliyolelewa. Kwetu mkwe hakaribiwi ovyo, hatazamwi usoni, wala hataniwi. Kadiri unavyokaa mbali ndivyo unavyoonyesha adabu. Sikulieleza hilo kwa mtu mjini, kwa kuwa sikujua kwamba linahitaji kuelezwa.

Tulifika Jumamosi asubuhi. Nikaliegesha gari chini ya kivuli cha ukuta, nikafungua boneti. Baba mkwe alikuwa kibarazani na cherehani yake, umbali wa hatua chache tu. Nilifanya kazi nimempa mgongo. Kikalio cha betri nilikuwa nimechomelewa na fundi wa vyuma, nikakifunga kwa bolti upande ule mwingine wa injini, palipokuwa na nafasi. Nikaiweka betri mpya, nikaibana kwa mkanda wa chuma isitikisike. Kila nilipoinua kichwa, sauti ya cherehani ilikuwa imenyamaza. Nikiinamisha, inaanza tena.

Nikachukua drili, nikatoboa bati linalotenga injini na upande wa abiria, ili waya wa friji upite hadi nyuma. Nikaanza kuupitisha. Nikasikia kandambili nyuma yangu.

"Mwanangu."

"Naam, Baba."

"Waya huo ndio utapita hapo?"

"Ndiyo, Baba."

Akaingiza kidole kwenye tundu, akalizungusha polepole. "Lina meno," akasema. "Gari litatikisika, waya utakwenda na kurudi juu ya meno haya. Mwisho utachanika."

Alisema kweli. Nilikuwa nimenunua kipande cha mpira cha kuziba ukingo wa tundu, lakini kilikuwa kidogo na nilidhani tutavumiliana nacho. Yeye akaingia ndani, akatoka na tyubu kuukuu ya baiskeli, akaikata utepe, akaukunja kuzunguka ukingo mzima wa tundu kama anayepinda shingo ya kanzu, akaushona kwa uzi uliopakwa nta. Mimi nilishika tochi. Ilibidi nisogee, na nikasogea, mpaka bega langu likawa karibu kuligusa lake. Sikujua niweke macho wapi. Nikayaweka kwenye sindano.

Kuanzia hapo hakurudi kwenye cherehani. Aliukagua waya niliokuwa nimeufunga kando ya sakafu ya gari, akatikisa kichwa.

"Umeshona kabla ya kupiga bandi," akasema.

"Bandi, Baba?"

"Nguo hushonwa kwa nyuzi za kulegea kwanza. Unamvalisha mwenyewe, unaona inavyomkaa, ndipo unaishona kwelikweli. Sasa wewe umekwisha kaza waya, na kiti hukukirudisha. Kiti kikikaa juu yake?"

Tukafungua vyote. Tukaulaza waya upya, tukaufunga kwa vipande vya kitambaa, tukarudisha viti, tukafungua na kufunga milango, yeye akaketi mbele, akaketi nyuma, akaniambia nisogeze hapa, nilegeze pale. Ndipo tukakaza. Mke wangu alipotuletea viazi vya karai na chai alitukuta tumelala chali wote wawili chini ya gari, miguu nje. Baadaye aliniambia alikuwa hajawahi kumwona baba yake amelala chini mchana.

Adhuhuri tuliswali, tukarudi. Zilibaki nyaya nene za kuziunganisha betri. Hapo ikawa zamu yangu kusema. Nilimweleza kwamba waya wa chanya ndio wa hatari, kwa kuwa bodi nzima ya gari ni hasi. Chuma kikigusa chanya na bodi kwa pamoja, cheche zake zinaweza kumuunguza mtu, na betri hata kupasuka. Ndiyo maana wakati wa kufungua, hasi hutoka kwanza, na wakati wa kufunga, hasi huwa ya mwisho. Nilimwonyesha fyuzi tulizoweka karibu na kila betri, zikatike zenyewe kabla waya haujashika moto. Alisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha.

"Hasi mwisho," akarudia.

"Ndiyo, Baba."

Tukafunga. Chanya ya betri ya kwanza hadi kwenye swichi, swichi hadi chanya ya betri ya pili. Kisha hasi ya betri mpya kwenye bodi, na mwisho kabisa hasi ya betri ya zamani. Kazi ikawa imekwisha. Nilikuwa nafuta mikono nilipomwona ameinama tena, amechukua mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa. Palikuwa na uzi umening'inia pale alipofunga nyaya, karibu na kichwa cha chanya, na macho yake ya fundi hayakuweza kuuvumilia. Mkasi ulikuwa wazi, ncha moja inakwenda kwenye betri, nyingine imeshakaribia bati la pembeni.

Nilimpiga mkono. Sikumgusa tu, nilimpiga kofi la nguvu kifundoni, mkasi ukaruka, ukalia sakafuni mwa ua.

Kwetu mtu akimpiga mkwe wake, wazee huitwa, na jambo hilo huzungumzwa hata wajukuu wakishakua. Nikaanza kusema, "Baba, ule mkasi, chuma kile..." nikamwonyesha betri.

Aliutazama mkono wake, akautazama mkasi, akaitazama betri. Nikaona anaelewa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira, kumbe ni kicheko, na kilipotoka kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake.

"Mama!" alimwita binti yake, machozi yakimtoka. "Njoo umwone mumeo! Amenipiga! Mkwe wangu amenipiga ndani ya nyumba yangu!"

Mke wangu alitoka mbio akiwa na mwiko mkononi. "Amekupiga? Kwa nini?"

"Ili nisife," akasema Baba, akacheka tena mpaka akaketi kwenye ngazi. Na mimi, kwa mara ya kwanza mbele yake, nikacheka.

Injini ilishika mara moja. Baada ya muda mfupi tukasikia swichi imegonga, tak, na Baba akainua kidole.

"Sauti gani hiyo?"

"Zimeungana, Baba. Sasa zote mbili zinajazwa."

Nikazima, na swichi ikazitenganisha. Friji ikaendelea kunguruma peke yake. Aliweka kiganja juu ya kifuniko chake, akakiacha hapo.

"Mnakwenda lini huko Ganze?" akauliza.

"Jumatano, Baba."

"Nitakuja nione kama bandi yetu imeshika."

Alikuja kweli, amevaa kanzu safi na koti, amekaa mbele kati yangu na mke wangu, maana nyuma kulijaa friji na masanduku. Alikuwa hajawahi kufika kwetu. Arusi ilifanywa Malindi, na wazee wangu ndio walioshuka. Tuliuza tangu asubuhi, injini imezimwa, na barafu ya mwisho ilitoka ngumu kama ya kwanza. Nilipogeuza ufunguo gari liliitika papo hapo. Akina mama wa siku ile walipiga vigelegele vya dhihaka. Baba aliteremka akafungua boneti mwenyewe, akawaonyesha ule ukingo alioushona, nao wakausifu kwa heshima, ingawa sidhani walijua ni wa nini.

Tukapita nyumbani kumsalimu mama yangu. Kwetu kuna Waislamu, Wakristo na watu wa mila katika boma moja, kwa hiyo mgeni hupokewa kwa salamu tatu tofauti. Mama alimwekea kiti, mwenyewe akaketi kwenye mkeka kando, uso ameuelekeza mahindi aliyokuwa akiyapukuchua.

"Mama huyu ana neno nami?" Baba akaninong'oneza. "Mbona hanitazami?"

Mama alisikia. Akajibu kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kigiriama kwamba mkwe hatazamwi, kwani ukimtazama utamzoea, ukimzoea utamvunjia heshima. "Huyu mwanangu nilimfunza hivyo tangu mdogo," akasema. "Sijui kama huko kwenu ameyashika."

Baba mkwe aligeuka akanitazama kwa muda mrefu.

"Ameyashika," akasema. "Ameyashika sana, mama. Mimi nilidhani ana kiburi."

Kisha akaomba apewe hindi moja apukuchue, nao wakaendelea kuzungumza juu ya mvua na bei ya unga, mama akitazama mahindi, Baba akijitahidi kutazama mahindi pia.

Miaka mingi imepita sasa. Umeme umefika soko la Ganze, na kuna duka lenye friji kubwa ya kioo. Sisi tuna genge letu Malindi, mke wangu bado anatengeneza barafu, na wanunuzi wake ni wanafunzi wa jirani. Gari tuliliuza kwa mtu wa Rabai. Baba alitutangulia mbele ya haki baada ya kuugua kwa muda mfupi, lakini kabla ya hapo alikuwa ameifanya Jumatano kuwa siku yake. Alikuwa akifunga cherehani, anavaa koti, anatungoja mlangoni.

Nikikumbuka siku zile, kinachonijia zaidi ni ile safari ya kwanza ya kurudi. Jua lilikuwa limeshuka kidogo, na upepo uliingia madirishani una harufu ya moshi wa mkaa. Baba alikuwa akieleza jambo fulani kuhusu kola za kanzu za zamani, sauti ikapungua, kisha ikakatika. Kichwa chake kilianguka polepole, kikatulia begani kwangu. Mke wangu alinyoosha mkono amwamshe.

"Muache," nikamwambia.

Nikapunguza mwendo. Magari mengine yalitupita yakitupigia honi, nami nikawa nachagua mahali palipo laini, nikiyakwepa mashimo moja baada ya jingine, hadi taa za Malindi zilipoanza kuonekana.