Siagi ya Nywele Kati ya Butembo na Beni

Kazi hii ya kusuluhisha watu niliingizwa bila kuulizwa. Kundi letu la kuuziana vitu kwa simu lilipoanza, walitafuta mtu mzima asiyetukana, wakaniona mimi hapa Butembo. Tangu hapo sinywi chai yangu ikiwa moto. Huyu anarudisha viatu vilivyokwisha kukanyaga tope, yule anarudisha sufuria inayonuka mboga ya sombe, na wote wanaapa kwamba kitu hakijaguswa. Nimechoka, na ninasema bila aibu.

Lakini lililonichosha kuliko yote ni lile la siagi ya nywele.

Muuzaji alikuwa mama wa Bulengera, hapa hapa Butembo, aliyeitengeneza mwenyewe kwa nazi na kuitia katika vikopo vya kioo vyenye karatasi iliyoandikwa *beurre*, yaani siagi kwa Kifaransa. Mnunuzi alikuwa mjane wa Beni, mshonaji wa nguo za watoto. Wateja wake aliwapata humo humo kundini; walimtumia vitambaa vyao, naye akawarudishia nguo.

Kikopo kilishuka Beni kwa pikipiki. Mjane akatutumia picha: mafuta matupu yanamwagika kiganjani. Akakirudisha. Kilipofika Bulengera, mama akachomeka kijiko katikati, kikasimama wima, naye akapiga picha yake. Akakishusha tena Beni, mjane akakuta maji. Sasa akasema amebadilishiwa, akakirudisha mara ya pili, safari hii kwangu, niwe shahidi.

"Mama, hii boîte inajua barabara kunipita," dereva wa pikipiki aliniambia akinikabidhi kikopo.

Asubuhi yake, mvua ikinyesha, nilikifungua. Siagi ilikuwa ngumu. Nilituma picha, na kundi likawaka. "Muongo! Mumutoshe!" Wakataka mjane atolewe kundini. Mwingine akaandika kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikijua vizuri kwamba hakuna atakayempa mwongo kitambaa chake, nilimpigia mjane kwanza.

"Yaya, miye hapana muongo," alisema, akiniita dada mkubwa. "Ilikuwa maji. Minaapa juu ya batoto yangu."

"Mais mama, minaiona na macho yangu. Iko nguvu."

Nilimwambia nitaangalia, lakini moyoni nilikuwa nimeshaacha kumwamini. Nilitaka tu nipike kwanza, maana kumfukuza mtu huku una njaa ni kujitafutia dhambi mbili.

Nikachukua chupa ya mawese, nikaiinamisha juu ya sufuria. Hayakutoka. Mawese yetu hutoka huko huko Beni yakitiririka, na yakifika kwenye baridi yetu huganda shingoni mwa chupa. Kila mpishi wa hapa analijua hilo. Nikaiweka chupa karibu na mbabula, jiko langu la makaa, kama siku zote, nikaanza kukata kitunguu, halafu nikaacha kisu.

Miaka yote nimeyayeyusha mawese, na sijawahi kumwita aliyeniuzia mwongo. Kikopo hiki kilikuwa na kioo kizuri na jina la Kifaransa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba ndani ni mafuta tu. Nikakileta kikopo, nikakiweka kando ya chupa. Kilianza kuyeyuka pembeni, kisha kote.

Nilituma picha zote mbili, ile ya asubuhi na hii ya kikopo kilichoyeyuka. Nikaandika kwamba hakuna aliyedanganya, ni joto la Beni na baridi ya Butembo. Vicheko vikaanza kundini, kila mmoja akidai alishuku tangu mwanzo. Mama wa Bulengera akaomba radhi, akarudisha pesa siku hiyo hiyo. Nilifurahi, jambo ambalo kazi hii hainipi mara nyingi, nikampigia mjane nikingoja shukrani.

"Sawa, yaya," alisema polepole. "Mafuta imesema, munaamini. Miye nilisema tangu siku ya kwanza."

Nilimwambia pole, akasema hakuna shida, akakata simu.

Hakutoka kundini. Anashona vizuri kama zamani, na vitambaa vinashuka kwake. Ila kila nguo anayoipandisha Butembo, huipiga picha kwanza mbele, nyuma na kwenye mishono, kisha mikononi mwa dereva. Ananitumia mimi zote, bila neno.